Kemia Chuo Kikuu na Kazi ya Ualimu: Chagua Ukijua

(Maneno haya yalitolewa katika mkutano wa vijana wa kidato cha tatu na cha nne pamoja na wazazi wao, Kakuma. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo moja. Mwanafunzi anayependa kemia afanye nini ili aisome chuo kikuu, na hasa akitaka baadaye kuifundisha katika shule ya sekondari? Mimi ni mhudumu wa jamii, nimesoma hadi kidato cha nne. Si profesa. Lakini kila matokeo ya KCSE yanapotoka, vijana huja kwetu na maswali yale yale, na wengine huja wakiwa wamechelewa. Heri tuzungumze mapema.

KWA NINI KEMIA?

Wapo wanaosema kemia ni somo la watu wa mjini. Si kweli. Maji ya bomba tunayochota hutiwa klorini. Kiasi kinachotakiwa kubaki bombani ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita moja. Ikipungua, kipindupindu hupata njia. Ikizidi, watu huyakataa maji kwa sababu ya harufu na kwenda kuchimba mashimo mtoni. Anayepima kiasi hicho anafanya kemia. Katika Bonde la Ufa visima vingi vina floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Anayejua hivyo pia amesoma kemia.

Zaidi ya hayo, walimu wengi wa shule zetu ni wakimbizi waliomaliza kidato cha nne na wanaofundisha kwa posho. Wanafanya kazi kubwa na tunawashukuru. Lakini mtoto wa kidato cha nne anahitaji mwalimu aliyesoma kemia kwa undani na aliyefundishwa jinsi ya kufundisha. Mwalimu huyo anaweza kutoka kati yenu mliokaa hapa.

NJIA ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni shahada ya ualimu wa sayansi. Huchukua miaka 4. Unasoma masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano kemia na hisabati, kemia na baiolojia, au kemia na fizikia. Pamoja na hayo unasoma saikolojia ya elimu na mbinu za kufundisha, kisha unapelekwa shuleni kufanya mazoezi mbele ya wanafunzi. Vyuo vikuu kama Kenyatta, Moi, Maseno na Egerton vinatoa shahada hii. Kwa anayejua tangu leo kwamba anataka kuwa mwalimu, hii ndiyo njia iliyonyooka.

Njia ya pili ni shahada ya sayansi katika kemia. Nayo ni miaka 4. Hapa unaingia ndani zaidi: kemia ya kaboni, kemia ya metali na chumvi, kemia inayotumia hisabati na fizikia, na kemia ya uchanganuzi, yaani kujua ndani ya kitu mna nini na kiasi gani. Shahada hii inafungua milango ya maabara, viwanda na utafiti. Lakini peke yake haikufanyi mwalimu. Ukitaka kufundisha, lazima uongeze stashahada ya elimu ya baada ya shahada, ambayo huchukua kama mwaka mmoja, na uwe na somo la pili la kufundishia. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu amesoma kemia miaka 4, akitaka kuandikishwa kama mwalimu anaulizwa, somo lako la pili ni lipi? Basi ukichukua njia hii, chukua pia hisabati, fizikia au baiolojia ya kutosha tangu mwaka wa kwanza.

Njia ya tatu ni kemia ya viwandani au ya uchanganuzi. Hii humwandaa mtu kwa kazi ya sabuni, rangi, dawa, mbolea na maji. Ni njia nzuri, ila usiichague ukidhani ni sawa na ya kwanza.

SHARTI LINALOSAHAULIKA

Sikilizeni vizuri hapa, hata wazazi. Kuingia chuo kikuu kwa shahada nchini Kenya kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE. Lakini Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, inapoandikisha mwalimu wa sekondari mwenye shahada, hutazama pia alama za masomo yenyewe. Inataka wastani wa C+ pamoja na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha.

Maana yake nini? Kijana anaweza kupata wastani wa B, lakini kemia akapata C. Huyo anaweza kusoma chuo kikuu miaka 4 na bado akakosa kuandikishwa kama mwalimu wa kemia. Kwa hiyo usihesabu wastani tu. Hesabu kemia na somo lake la pili.

Kwa sisi wakimbizi kuna jambo la kuongeza. Ajira rasmi inahitaji kibali cha kazi, na kile cha wakimbizi ni cha daraja M. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika 2022, inatambua haki ya kufanya kazi, lakini karatasi lazima ziwe sawa. Hakikisha jina lako kwenye usajili wa mtihani ni lile lile lililo kwenye hati yako ya ukimbizi, herufi kwa herufi. Kurekebisha jina kabla ya mtihani ni rahisi kuliko kurekebisha cheti.

KUJIANDAA TANGU SASA

Mtihani wa kemia wa KCSE una karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ya vitendo, ina alama 40. Jumla ni 200. Msidharau zile 40.

Kwanza, fahamu hesabu ya moli. Ni mlango wa nyumba nzima. Mfano: sentimita za ujazo 25 za soda kali yenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita zimemalizwa na sentimita 20 za asidi ya hidrokloriki. Moli za soda ni 0.0025. Asidi nayo ni moli 0.0025, kwa sababu zinakutana moja kwa moja. Gawanya kwa lita 0.020, unapata 0.125. Anayeweza kueleza kila hatua kwa maneno yake mwenyewe ameanza kuwa mwalimu.

Pili, fanya majaribio hata pasipo maabara. Maji ya majivu ni besi, maji ya ndimu ni asidi. Maji yaliyochemshwa na maua mekundu ya choya hubadilika rangi yakikutana na kila kimoja. Vikombe vitatu vinatosha kwa somo zima.

Tatu, jifunze usalama kabla ya ujuzi. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayatiwi ndani ya asidi kali. Dawa ya klorini haichanganywi na asidi ya kusafishia choo, kwa maana hutoa gesi inayoua.

Nne, fundisha mwenzako. Kusanyeni watu watano chini ya mti, kila mmoja aeleze mada moja kwa wiki. Utajua unachojua na usichokijua.

Tano, usiogope lugha. Ukirudi Kongo utakuta naitrojeni wanaiita azoti, lakini alama yake ni N vile vile. Alama za kemia ni zile zile Juba, Bukavu, Bujumbura na Mogadishu. Anayejua kemia habebi mzigo mpya akivuka mpaka.

Kwa wadogo zetu: kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 ni la KCSE ya 2027. Walioingia gredi ya 10 kuanzia Januari 2026 wako katika mfumo mpya, na kwao kemia imo katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wazazi, ulizeni shule inatoa mkondo gani kabla mtoto hajachagua.

KARO ITATOKA WAPI?

Ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR, ulianza 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani. Mpango wa WUSC wa kupeleka wanafunzi wakimbizi Canada ulianza 1978. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Mwaka 2025 misaada ilipunguzwa, nasi sote tuliona hata kwenye mgao wa chakula. Kwa hiyo usiweke matumaini yako yote kwenye fomu moja.

Fomu za ufadhili hutolewa bure. Mtu yeyote akikuomba pesa ili akupitishe, usimpe. Nenda ukaripoti.

Na asiyefikia C+ asikate tamaa. Mwenye wastani wa C- anaweza kuomba stashahada, kwa mfano ya ufundi wa maabara. Shule bila mtu wa kutunza maabara haifanyi majaribio. Hiyo nayo ni kazi yenye heshima.

Dada zangu, neno moja kwenu. Bureti haiulizi imeshikwa na mkono wa nani. Wazazi, kama kuna ndoo moja ya kuchotwa na watoto wawili wa kidato cha nne, mvulana naye aende bombani, ili binti apate saa yake ya kusoma.

Jumatatu njooni ofisi ya elimu mkiwa na ripoti zenu za muhula. Tutakaa na kila mmoja, tutazame alama za kemia na za somo la pili, tuone kilichobaki. Haba na haba hujaza kibaba.