Homa ya Mafua Haisubiri Langoni

Mwishoni mwa Agosti 2019, wakaguzi wa afya pale mpakani Mpondwe walimtambua msichana wa miaka 9 kutoka Kongo aliyekuwa na dalili za Ebola, wakamtenga hapa Bwera. Kazi ile inastahili sifa hadi leo. Lakini imetuachia imani kwamba kila maradhi ya kuambukiza huzuiwa kwa kipimajoto na ndoo ya maji yenye bomba, na kwa homa ya mafua imani hiyo inatuponza. Mgonjwa wa Ebola haambukizi kabla ya kuonyesha dalili; mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza yapata siku moja kabla ya kujihisi mgonjwa. Mchuuzi anavuka na kikapu chake akiwa mzima kabisa, anapimwa, anapita, kumbe tayari anavyo virusi. Kwa hiyo kinga lazima ianzie nyumbani.

Wapo watakaosema, hasa kule Ibanda chini ya Rwenzori, kwamba mafua huletwa na baridi ya mlima. Wameona jambo la kweli, ila chanzo ni kingine. Baridi na mvua hutukusanya sote kwenye chumba kimoja, dirisha limefungwa, mtoto anakohoa kando ya bibi yake, na hapo ndipo virusi hupata njia. Fungua dirisha. Kohoa kwenye kiwiko. Nawa kwa sabuni, maana kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huuyeyusha. Chanjo ipo, na Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi vya kuwekwa ndani yake mara mbili kwa mwaka, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wa Uganda.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo: asiyeuza leo hali leo, atapumzikaje? Silipuuzi. Ndiyo sababu naona mapumziko ya siku tatu nne za homa ni deni la jirani pia: mwenzake wa kibanda amuuzie ndizi zake, kwani mgonjwa akija sokoni atawaambukiza wote. Anywe maji na uji, ameze paracetamol. Vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili vya duka la dawa haviui virusi, hata kama mtu alivimeza akapona. Angepona vivyo hivyo.

Hata hivyo, si kila mtu hupona. Duniani, homa hii ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Mjamzito, mzee au mtoto anayepumua kwa shida, au ambaye homa ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu, huenda ameingiwa na nimonia. Huyo msimsubirishe hadi kesho. Mpelekeni hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe siku hiyo hiyo.