Wasichana Wetu Walale Pamoja Usiku Mmoja: Tutapangaje?

(Maneno yaliyosemwa na mlezi wa kikundi cha wasichana wadogo mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Wusi)

Nashukuru kupewa nafasi hii kabla hamjaingia kwenye hesabu za michango, maana hesabu zikianza najua hakuna atakayenisikiliza.

Nimekuja na jambo moja. Wasichana wetu wadogo, wale wa miaka 7 hadi 10 wanaokutana kila Jumamosi, wanataka kulala pamoja usiku mmoja. Si porini wala si kwenye mahema. Ni ndani ya ukumbi, waingie Ijumaa jioni, watoke Jumamosi asubuhi baada ya uji. Wenzetu wa Girl Guides wana desturi hiyo. Chama chao kimekuwako hapa Kenya tangu mwaka 1920, na wale wadogo wao, Brownies, huweza kuanza na usiku wa ndani kabla ya kupelekwa kambi ya mahema. Sababu yake ni rahisi: mtoto ajifunze kulala mbali na mama yake akiwa bado karibu na mama yake.

Nimeshasikia swali linalotembea: kwani nyumbani hakuna mahali pa kulala? Ni swali la haki, na nitalijibu. Baada ya miaka michache wengi wa watoto hawa watakwenda shule za bweni. Mtamfungia sanduku, mtamnunulia ndoo na sabuni, mtampandisha gari Mwatate. Usiku ule wa kwanza atalala katikati ya watoto asiowajua, na hakuna aliyemfundisha afanye nini akiogopa, akiumwa tumbo, au mtu akimgusa asivyotaka. Sisi tulifundishwa haya kidogo kidogo kwa kulala kwa bibi. Siku hizi bibi mwenyewe yuko Mombasa, amekwenda kulea wajukuu wa huko. Kwa hiyo usiku huu tunaoutaka si anasa ya watoto wa mjini.

Sasa, kambi ya namna hii huwa na wazo moja linaloshikilia michezo, hadithi na mapambo, ili usiku usiwe wa kukimbizana tu mpaka wachoke. Watoto walipoulizwa, nusu walitaka harusi. Mimi nikaona harusi tunazo za kutosha. Nilipowauliza tena ni kitu gani kinachowatisha usiku, wote walisema pamoja: sauti za nje. Basi wazo letu likapatikana hapo. Usiku wetu utaitwa Nani Analia?

Ninyi mliozaliwa milimani mnaijua sauti ya perere. Huanza kama mlango wenye kutu unaofunguliwa polepole, halafu hupanda ikawa kama mtu anayekabwa koo. Mgeni akiisikia hulala na viatu. Kumbe ni mnyama mdogo wa kukaa juu ya miti, asiyemzidi sungura kwa mengi, anayekula majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye kituo chao Wundanyi, wamekaa usiku misituni mwetu wakirekodi sauti hizo. Watu wametoka Finland kuja kusikiliza kile ambacho watoto wetu hujifunika blanketi wasikisikie! Halafu yuko komba, mwenye macho makubwa, ambaye hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa. Na bundi. Juu ya bundi najua kuna wazee hapa watakaonitazama vibaya, lakini bundi anakula panya wa ghala zenu, na sijamwona mtu aliyeuawa na bundi.

Watoto watatengeneza vinyago vya wanyama hawa kwa makatoni ya dukani, gundi ya unga wa ngano na makaa ya kuchorea. Hakuna cha kununua isipokuwa mkasi mmoja au miwili. Watacheza mchezo wa kufunga mmoja macho kwa leso, wengine walie kama wanyama, naye ataje ni nani. Giza likiingia watakaa kimya dakika kumi madirisha yakiwa wazi, kila mmoja ahesabu kwa vidole sauti alizosikia. Halafu nataka bibi mmoja, sitaki wawili kwa sababu watashindana, aje awape vitendawili na hadithi ya Kidawida mpaka usingizi uwashike. Saa tatu na nusu taa kubwa izimwe. Watacheka na kunong'ona mpaka saa tano, hilo nawaambia mapema ili walinzi wa zamu wasikasirike. Asubuhi watatoka kusikiliza ndege, na waambiwe kwamba wako ndege, kama yule kurumbiza wetu wa Taita mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, ambao dunia nzima hawapatikani isipokuwa katika vilima hivi vyetu.

Hayo ndiyo mambo matamu, na ndiyo mepesi. Sasa yale mazito.

La kwanza ni blanketi. Tuliposema kila mtoto aje na matandiko yake, watoto wanne waliacha kuja Jumamosi. Hawakusema kitu. Ni jirani aliyeniambia kwamba nyumba moja ina blanketi moja la watu watatu, na mtoto hawezi kulitoa bila kuwaacha wadogo zake na baridi. Nyumba nyingine blanketi lipo, ila limechanika na mtoto anaona haya lionekane mbele ya wenzake. Mnaona? Tunaweza kupanga usiku mzuri kabisa kisha ukawa wa wale wenye blanketi nzuri, na wale ambao ungewafaa zaidi wakabaki nyumbani wakisema wanaumwa.

Naomba tufanye hivi. Mtoto yeyote asije na matandiko. Asije hata na mto. Aje na leso moja, mswaki na nguo ya kubadilisha, basi. Mablanketi na magodoro yatoke kwenye vikundi vyenu, yaletwe ukumbini siku moja kabla, yaanikwe juani, na tuyatandike sisi wenyewe kabla mtoto wa kwanza hajafika. Wakiingia wakute safu moja ya magodoro ya sponji na mikeka, isiyojulikana kipi kimetoka kwa nani. Na yule mama atakayeleta blanketi jipya la kuonyesha watu, alilete, lakini asimwambie mtoto wake ni lipi.

Ndani ya hilo kuna lingine linalofanana nalo. Kuna watoto wa miaka minane wanaokojoa kitandani bado. Si ugonjwa wa aibu wala si utundu, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mzazi aniambie mimi faraghani. Mtoto huyo atalala pembeni karibu na mlezi, ataamshwa polepole saa sita, na chini ya shuka lake kutakuwa na karatasi ya nailoni kama ilivyo chini ya mashuka ya wenzake wawili, ili isiwe alama yake peke yake.

La pili ni moto na milango. Hapa naomba mnivumilie nikisema kwa ukali. Machi 1998, hapa hapa kwetu Pwani, wasichana 26 wa shule ya Bombolulu walikufa bwenini kwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 ilitokea tena kule Nyeri, Endarasha, wavulana 21. Kati ya miaka hiyo yako mabweni mengine. Kila mara watu husema walifunga milango kwa ajili ya usalama wa watoto.

Ukumbi wetu una milango miwili. Ule wa nyuma tumezoea kuuwekea kufuli na kuupangia viti. Viti vitolewe vyote, na kufuli isiwepo kabisa usiku huo. Mlango ufungwe kwa komeo la ndani, ambalo hata mtoto wa miaka saba analifikia, na tutawajaribu mmoja mmoja kama wanaweza kulifungua gizani. Kabla ya kulala watafanya mazoezi mara mbili: filimbi ikilia, kila mtu aache alichoshika, atoke, akasimame chini ya mti wa mwembe ahesabiwe. Wataufurahia kama mchezo. Mimi naomba uwe mchezo tu.

Hakuna mshumaa, hakuna koroboi, hakuna chemli ndani. Taa za sola mbili na tochi nne zinatosha, na hizo nimeshaziona majumbani mwenu. Na jiko la makaa lisiingie ukumbini hata kwa dakika moja. Najua baridi ya huku mlimani, na najua kuna mama mwenye huruma atakayesema tuwape watoto joto kidogo, makaa yameshashika vizuri, hayana moshi. Hapo ndipo hatari ilipo. Makaa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Aliyelala haikohoi wala haimwamshi, huendelea kulala tu na asubuhi hakuna wa kuamka. Kama baridi inatutisha, tuongeze mablanketi, tuwape uji wa moto, na tuchague mwezi wa pili na sio wa saba. Februari ina na faida yake nyingine: tarehe 22 ni siku ambayo Girl Guides wa dunia nzima hukumbukana, kwa hiyo watoto wetu wasione wako peke yao.

La tatu ni watu wa zamu. Kwa watoto ishirini nataka akina mama wanne, wawili wawe macho mpaka saa saba, wawili wapokee mpaka asubuhi. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na mtoto hata akiwa ni mimi. Choo kiko nje na njia ina mteremko, kwa hiyo tutaweka ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia kwa haja ndogo, na wa haja kubwa watakwenda watoto wawili na mlezi wawili wenye tochi. Akina baba, nafasi yenu ipo: wawili getini, wasiingie ukumbini usiku, na wasiwe wametoka kunywa kitu. Mjomba, binamu au kaka mkubwa aliyekuja kusalimia tu, asalimie asubuhi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatudai sote kumlinda mtoto, na simu 116 ni ya bure kwa yeyote mwenye jambo la kuripoti. Watoto wenyewe wafundishwe namba hiyo jioni ile ile, waiimbe kama wimbo.

Kila mzazi alete barua yenye sahihi au dole gumba, aandike namba ya simu itakayopatikana usiku, na kama mtoto ana pumu, kifafa au selimundu, na dawa zake. Aandike pia nani atamchukua asubuhi. Akija mwingine hatumpi, hata akiwa mchungaji. Picha zitapigwa vinyago vikiwa usoni. Za watoto waliolala hazipigwi, wala hazitumwi kwenye vikundi vya simu.

Mtoto akililia kwao usiku wa manane asichekwe na asilazimishwe. Tutampigia mama yake, waongee. Akitaka bado kwenda, aje achukuliwe, na asubuhi arudi kunywa uji na wenzake kama kawaida.

Chakula sitakisemea sana, ninyi ni wapishi kunishinda. Jioni kimanga cha viazi vitamu na maharagwe, kilo mbili na nusu za maharagwe zinatosha watoto ishirini na walezi. Asubuhi uji, kilo moja na robo ya unga. Maji mitungi mitatu ya lita 20. Kupikwe nje, jikoni kwa kawaida, na moto uzimwe kwa maji kabla ya saa mbili usiku. Kila kikundi kikitoa kitu kimoja, mzazi hatalipishwa hata shilingi moja, na hilo nalitaka liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Nimemaliza yangu. Karatasi inapita upande huu. Safu ya kwanza ni ya mablanketi, andika idadi bila jina. Safu ya pili ni ya akina mama wanne wa zamu, hapo majina yanatakiwa, na naona bado iko tupu.