Chuo Kikifungwa, Mgeni Atalala Wapi?

Hotuba iliyotolewa bwaloni na mwanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wa mwaka wa Umoja wetu



Katibu aliponiandikia niseme nanyi alinipa uhuru wa kuchagua la kusema, ila akaongeza kuwa ingefaa nizungumzie uongozi, kwa vile mimi ni mtumishi wa serikali. Utumishi wa serikali, ndugu zangu, humfundisha mtu kuandika dokezo na kungoja majibu. Sina hakika kama huo ndio uongozi. Kwa hiyo nimechagua jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililikosea nilipokuwa chuo kikuu, nalo ni jinsi chama cha wanafunzi kinavyowatendea wanafunzi waliotoka nchi nyingine.

Nawaambia ninyi vijana hasa. Baadhi yenu, miaka miwili mitatu ijayo, mtakuwa viongozi wa vyama hivyo, maana shule hii haijapata kupungukiwa na wasemaji. Na baadhi yenu mtakuwa wageni wenyewe, Kampala au Nairobi, pengine Pune au Algiers.

Kabla sijafika chuoni, nianzie hapa hapa. Mimi nilikuja shule hii nikitokea Sumbawanga. Likizo ya Juni ya kidato cha kwanza ilipofika sikuwa na nauli ya kwenda na kurudi. Wengine wakafunga masanduku, mimi nikabaki nimekaa kwenye ngazi za bweni nikijifanya nasoma jiografia. Mwalimu wa zamu hakuniuliza maswali mengi. Alimwita mwenzangu wa darasa ambaye kwao ni kilometa chache kutoka hapa, akamwambia, "Huyu unakwenda naye." Nikaenda. Mama yake akanipa jembe siku ya pili, nikapalilia mihogo pamoja na watoto wake, na jioni nikala nao sahani moja. Mwezi mzima. Ule ulikuwa utaratibu wa shule, haukuandikwa popote, na wengi waliomo humu walipata kuchukuliwa au kuchukua.

Nalisema hili ili mjue kwamba nilipofika chuo kikuu sikuwa na udhuru. Nilikwisha kufundishwa.

Chuo nilichosoma sitakitaja, maana yaliyotokea kwetu yalitokea na kwingine. Miaka ile Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilikuwa bado changa, na ugomvi juu ya nani apewe mkopo na asilimia ngapi ulikuwa mkali. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, na tena mbunge wa bweni langu katika baraza la wanafunzi. Usiku mmoja tukakutana kujadili mgomo. Ukumbi ulijaa hata madirishani. Kila msemaji alipigiwa makofi, na aliyesema kwa sauti kubwa zaidi alipigiwa zaidi.

Chumba kilichopakana na changu alikuwamo kijana wa Burundi, mwenyeji wa Gitega. Nitamwita jirani yangu. Alisoma uhandisi. Nyumbani alikulia katika Kirundi na Kifaransa, Kiswahili alikuwa anakiokota kwetu, na kama ilivyo kwa Warundi wengi herufi ya "l" ilimpa taabu. Saa sita za usiku zilipokaribia akanyoosha mkono, akasimama, akasema, "Mheshimiwa Spika, chuo kikifungwa, sisi wageni tutarara wapi?"

Ukumbi ulicheka. Wengine waliitikia "tutarara, tutarara," kama wimbo. Spika akasema suala hilo halimo katika ajenda. Jirani yangu akakaa. Mimi pia nilicheka, na mkono wangu ukanyoshwa kuunga mgomo.

Hebu tazameni hesabu yake. Mkopo ule ulikuwa wa raia. Yeye hakuwa na senti moja ya Bodi, wala hakuidai. Ada yake alilipa nzima, na ya mgeni ilikuwa kubwa kuliko yetu. Mchango wa chama cha wanafunzi alikatwa sawa na sisi. Yaani alilipia chama kikafanye mgomo ambao faida yake asingeipata hata kidogo, na hasara yake ilikuwa imfikie kwanza.

Siku ya tatu tangazo likabandikwa: chuo kimefungwa, wanafunzi wote wawe wameondoka ifikapo saa kumi jioni. Mimi nilikimbilia Ubungo, kituo cha mabasi ya mikoani kikiwa bado pale, nikapata basi la asubuhi yake. Nilipiga kelele njiani kuwa tumeonewa. Nilifika nyumbani, nikala samaki wa Ziwa Rukwa, nikangoja redio itangaze lini turudi. Sikumfikiria jirani yangu hata mara moja. Nasema kweli.

Yeye angekwenda wapi? Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200, kisha kuna mpaka, kisha milima. Akienda, nauli ya kurudi haipo. Akibaki, geti limefungwa. Usiku wa kwanza alilala kwenye kibaraza cha mama ntilie aliyekuwa akituuzia wali na maharage nje ya geti. Asubuhi yule mama alipokuja kuwasha moto alimkuta hapo na begi lake. Hakumwuliza kitambulisho. Alimpeleka kwake, chumba kimoja na watoto watatu, akakaa huko mpaka chuo kilipofunguliwa, zaidi ya majuma matatu.

Niliporudi nilimkuta akisugua masufuria. Aliniona, akacheka, akasema, "Karibu tena, jirani." Yule mama ndiye aliyeniuliza swali: "Mwanangu, hivi ninyi mlikuwa mnagomea nini?" Nikamweleza habari ya asilimia za mkopo. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuza maandazi.

Ningependa kuishia hapo, lakini sharti la kurudi lilikuwa kujaza fomu na kulipa ada yote inayodaiwa kabla ya tarehe iliyowekwa. Sisi sehemu ya Bodi ilihesabiwa. Yeye kaka yake, mwalimu huko kwao, alikuwa akimtumia fedha kidogo kidogo kupitia benki. Fedha ilifika siku tisa baada ya tarehe. Akaambiwa arudi mwaka unaofuata. Nilikwenda chamani kumsemea, nikajibiwa kwamba hilo ni suala la utawala. Mwaka mzima wa kijana ukapotea hivyo, katikati ya ofisi mbili.

Basi tujiulize, chama kingefanya nini?

Wengi huanza na sherehe. Kwetu ilikuwapo Jioni ya Utamaduni, wageni walivaa mavazi ya kwao, wakatuchezea, tukapiga makofi. Sina ugomvi na ngoma. Ila niliposhika vitabu vya chama mwaka uliofuata niliona kuwa fungu lote la wageni liliishia katika soda na kukodi vipaza sauti. Alikuwapo pia waziri wa mambo ya nje katika serikali ya wanafunzi, lakini yeye aliielewa kazi yake kuwa ni kusafiri kwenda kutembelea vyuo vingine.

Nadhani mgeni huhitaji kwanza sauti pale maamuzi yanapofanywa. Si mtu wa kuteuliwa na rais wa wanafunzi. Ni mjumbe waliyemchagua wageni wenyewe, mwenye kura, na ambaye hoja yake haiwezi kutupwa nje ya ajenda. Wala si jambo geni katika nchi hii. Kati ya mwaka 1963 na 1970, tulipokuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, wa udaktari akaenda Makerere, wa uhandisi akaenda Nairobi. Mwanafunzi mmoja kutoka Uganda, Yoweri Museveni, aliyesoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970, aliongoza chama cha siasa cha wanafunzi pale pale. Watu wana maoni yao kuhusu mambo yake ya baadaye, na hapa si mahali pake. Nataka tu mwone kwamba mgeni alipewa kiti, tena cha mbele.

La pili ni tarehe. Mtu wa ofisini husema hivi na mtanisamehe, lakini maisha ya mgeni yamo katika tarehe. Kibali chake cha Uhamiaji kina siku ya mwisho. Fedha yake husafiri polepole na hukatwa njiani. Barua ya chuo ya kuombea kibali huandikwa na karani ambaye naye ana likizo. Chama kinachojua hayo mwezi Septemba kinaweza kwenda kwa mhasibu na kumwomba ratiba ya kulipa kwa awamu kabla mtu hajazuiwa mtihani. Kikienda asubuhi ya mtihani, kinapiga kelele tu. Tangu Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipotangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Jumuiya yenyewe sasa ikiwa na nchi nane, wageni vyuoni watazidi kuja, na tamko la wakuu halitamwandikia mtu barua ya Uhamiaji.

La tatu ni kitanda, na hili ndilo lililonileta hapa. Mwaka 1925 wanafunzi wa Afrika Magharibi walioko London waliunda umoja wao, Ladipo Solanke wa Nigeria akiwa mmoja wa waanzilishi. Siasa walizungumza sana. Lakini wenye nyumba wa London waliwafungia watu weusi milango, na hotuba haifunguliwi kama mlango. Solanke akasafiri Afrika Magharibi kuanzia 1929 hadi 1932 akichangisha fedha, na mwaka 1933 wakafungua hosteli yao. Miaka karibu tisini baadaye, Februari 2022, vita ilipoanza Ukraine, Waafrika waliokuwa wakisoma mji wa Sumy walikwama huko mpaka mwezi Machi, chakula kikipungua, wakipeana habari kwa simu zao. Mgeni hupimwa siku mlango unapofungwa. Siku nyingine zote anaweza kujikimu.

Mwaka wangu wa tatu niligombea tena, nikapita, na tukafanikiwa kwa kiasi. Wageni walipata mjumbe mmoja. Tuliweka kanuni kwamba hakuna hoja ya mgomo itakayopigiwa kura kabla ya kusomwa orodha ya mahali pa kulala kwa wasio na kwao karibu. Wapo walioichukia kanuni hiyo, walisema inapunguza moto. Kwa kweli iliupunguza, na mimi siioni kuwa kasoro. Tulijaribu pia kumpa kila mgeni mwenyeji wa mwaka wa pili, wa kumpeleka benki, zahanati na Uhamiaji. Hapo tulishindwa nusu. Wenyeji wengine walipiga picha na wageni wao siku ya kwanza, hawakuonekana tena. Waliofaa walikuwa wale ambao nao waliwahi kusoma mbali na kwao. Mngeniuliza leo, ningewachagua hao tu.

Jirani yangu alimaliza mwaka mmoja baada yetu. Leo ni mhandisi wa maji kwao. Tunasalimiana kwa simu, na kila apitapo Dar es Salaam huenda kwanza kwa yule mama, ambaye sasa amezeeka na anaendeshewa biashara na binti yake. Usiku ule wa ukumbini hajapata kuutaja. Siku moja nilijaribu kumwomba radhi, akaniuliza habari za watoto.

Ndugu zangu wa Umoja, ninalo ombi, nalo halihitaji kamati. Sisi tuliosoma hapa tumetapakaa: wapo wa Dar es Salaam, Morogoro, Mbeya, Mwanza, Arusha, Dodoma, miji yote yenye vyuo. Vijana wetu wapo katika vyuo hivyo, na kila mmoja wao anamjua mgeni mmoja. Naomba kila mwenye nafasi aandike jina lake, mji wake, na idadi ya watu anaoweza kuwapokea kwa majuma matatu chuo kikifungwa. Katibu ataipeleka orodha kwa vyama vya wanafunzi. Chakula kiwe kile mnachokula. Ikiwa kuna mihogo ya kupalilia, mpeni jembe.

Mimi nimejiandika wa kwanza: Dodoma, kitanda kimoja na godoro moja la chini. Mke wangu ameshaarifiwa. Daftari liko mezani pale, karibu na birika la chai.