Ndimu, Jua na Mikono Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Leo hatusemi juu ya mshahara, ingawa mshahara nao umo ndani yake. Twasema juu ya ndimu.

Hapa kisiwani ndimu haikosekani. Wenzetu huzikamua kwa juisi ya miwa, huzipaka juu ya mihogo ya kuchoma kule Mama Ngina, na katika nyumba za Mji wa Kale huzikata na kuzianika kwa achari. Kazi nyingi ya namna hii hufanywa juani, kwa mikono mitupu.

Wengi hudhani kinachounguza ni ule uchachu. Sivyo. Katika ndimu, na zaidi katika ganda lake, mna kitu kiitwacho furokumarini. Peke yake hakina neno. Lakini kikikaa juu ya ngozi na jua likakipiga, ngozi huungua kama iliyomwagikiwa maji ya moto. Tena hakichomi papo hapo. Wakamua leo wala husikii kitu. Kesho ngozi yawa nyekundu, na siku ya pili au ya tatu malengelenge yafura. Yakisha kupona huacha mabaka meusi kwa majuma, hata miezi. Mabaka hufuata njia ya maji: michirizi mpaka kwenye kifundo cha mkono, au alama za vidole. Wako watoto walioshikwa kwa mikono yenye ndimu, wakacheza juani, watu wakadhani wamepigwa.

Kwa kuwa hukawia, msimamizi hukataa kuwa ni kazi iliyokuunguza. Atasema umeungulia jikoni kwako, au una maradhi ya kuambukiza, akurudishe nyumbani bila malipo. Haya hayaambukizi hata kidogo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga, na glavu zinapohitajika, kwa kazi ya majimaji au ya vitu vya kudhuru. Basi twadai glavu, maji na sabuni karibu na meza, na ndimu zikamuliwe ndani. Kujifuta kwa kitambaa hakutoshi. Oga mikono kwa sabuni kabla hujatoka juani. Malengelenge usiyatumbue. Yakiwa makubwa nenda hospitali, na habari ya ndimu umweleze daktari, maana asipoambiwa huenda akatibu jambo jingine.

Na kila akamuaye aandike siku na saa, amwonyeshe mjumbe wetu wa pale kazini siku ile ile. Malengelenge yakitokea siku ya tatu, tutakwenda kwa mwajiri na karatasi mkononi.