Redio ya Upepo na Mwamba wa Geita

Novemba 2015 wachimbaji watano waliopolewa hai mgodini Nyangarata, wilayani Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikwisha kudhaniwa wafu.

Basi mwenye shimo anunuapo redio za upepo, asitosheke na cheti cha maabara. Maabara hupima kweli nguvu ya mtambo na usikivu wake. Lakini umbali huigizwa tu, kwa kifaa kinachofifisha mawimbi ndani ya waya. Mwamba wa Geita haumo katika waya huo! Mawimbi yavukayo mbuga hufa upesi mwambani, ndiyo maana migodi mikubwa hutandaza shimoni kebo maalumu inayovujisha mawimbi.

Kabla ya kulipa, mmoja ashuke, mwingine abaki juu, waitane. Muuzaji asikasirike.