Wakija na Karatasi, Tuulize Nini?
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Mara nyingi mnatuuliza: hawa wanaokuja na karatasi, wakiuliza tunakula nini na pesa tunaficha wapi, wanatafuta nini hasa? Na mbona jirani alipewa kitu, mimi nikaachwa? Leo tuyaongee hayo. Mtu asiyeelewa anachoulizwa hawezi kukubali vizuri wala kukataa vizuri.

Wataalamu wanaochunguza tabia za watu kwa majaribio wana vyama vyao, kama sisi tulivyo na vikundi. Kimoja kinaitwa J-PAL. Kilianzishwa mwaka 2003 katika chuo cha MIT, Marekani. Kinaunganisha watafiti wa nchi nyingi, kinawatafutia fedha na kuwafunza kazi. Msimamo wao ni huu: usiseme mradi umefaa kabla ya kuupima. Mwaka 2019 wataalamu watatu, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Na Kremer alifanya sehemu kubwa ya kazi yake hapa kwetu, Busia.

Wanapima vipi? Mkulima anajua. Ukitaka kujua kama mbegu mpya ni nzuri, hupandi mpya bondeni na ya zamani kwenye mawe, si ndiyo? Unagawa shamba moja. Nao hugawa watu kwa kura, halafu hulinganisha. Ndiyo sababu jirani alipata na wewe ukakosa. Si kwamba alipendelewa.

Tuchukue mfano unaotuhusu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio na vyama 113 vya mzunguko, zile meri-go-raundi zetu, magharibi mwa Kenya. Swali lao: mtu anajua neti ni muhimu, shilingi kidogo anapata, mbona hawezi kuweka ya kununua neti? Vyama vyote vilihimizwa kuweka akiba ya afya. Kisha kwa kura vikagawanywa. Vingine havikuongezewa kitu, na vingine vilipata moja ya haya:

1. Kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukiza pesa, na ufunguo anakaa nao mwenyewe.
2. Kisanduku kama hicho, lakini ufunguo unashikwa na mtu wa mradi mpaka akiba ifike kiasi kilichopangwa.
3. Chungu cha afya: wanachama wanachanga pembeni ya mzunguko, na kila zamu mmoja ananunuliwa kitu cha afya.
4. Akiba ya dharura ya kila mmoja, inayotunzwa na mweka hazina.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kisanduku cha kwanza, kitu rahisi namna hiyo, kiliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Ule ufunguo wa kushikwa na mwingine haukusaidia sana kununua vitu vya kinga. Mtu anaogopa kufungia pesa: je, mtoto akiugua usiku? Chungu cha kikundi ndicho kilichoshinda kwa vitu vya kinga, na akiba ya mweka hazina iliwasaidia waliopatwa na ugonjwa.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba maskini si mvivu wala mjinga wa kuweka. Pesa ya mfukoni ina wenyewe wengi: shemeji, jirani, duka. Ikiwa ndani ya kisanduku, au ikiwa ya kikundi, mtu anapata nguvu ya kusema, "Hii ina kazi yake."

Lakini jaribio linaweza kuumiza pia. Mwaka 2020 kulikuwa na malalamiko makubwa kuhusu utafiti wa Kayole-Soweto, Nairobi. Wenye nyumba waliokuwa na deni la maji walichaguliwa kwa kura, nani apewe onyo la kukatiwa, na wasiolipa wakakatiwa. Watu wakauliza: na mpangaji aliyekosa maji, yeye aliulizwa lini?

Kwa hiyo tusiwafukuze watafiti, lakini tusiwe mbegu za majaribio tu. Wakija, tuulize:

- Leseni ya NACOSTI iko wapi? Tuione.
- Mnajaribu nini, na nani anaweza kuumia?
- Nikikataa au nikiacha katikati, nitapoteza msaada wowote?
- Majina na habari zetu zitatunzwa namna gani? Sheria ya mwaka 2019 inatulinda.
- Matokeo mtaturudishia lini, kwa lugha tunayoielewa?

Wasiojibu, tusiweke kidole wala sahihi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Akiba yetu ya ugonjwa iko wapi leo, na nani ana ufunguo?
2. Tukianza chungu cha afya, kila mmoja anaweza kuchanga ngapi bila kuumia?
3. Watafiti waliowahi kuja hapa, walirudi kutuambia walichokipata?