Mwenye Kuona Aonyeshe Mwenzake

Leo hatutasema juu ya bunduki. Tutasema juu ya ndege mdogo, shomoro, na juu ya bustani.

Kule Marekani, katika mji wa New York, kulikuwa viwanja vingi vilivyoachwa, vimejaa takataka. Mwaka 1973 mama Liz Christy na wenzake walisafisha kimoja, wakapanda mboga na maua. Bustani nyingi zikafuata, zikilimwa na majirani waliotoka inchi mbalimbali, wenye lugha mbalimbali.

Kila mwaka, mwezi wa tisa na wa kumi, baridi ikikaribia, shomoro wa koo jeupe wanatoka katika misitu ya Kanada. Wanasafiri usiku, na asubuhi wanashuka kwenye bustani, wakikwangua majani makavu kutafuta mbegu. Ndipo watu wanafanya kikundi, wanatembea polepole kuwaangalia.

Sikieni desturi za matembezi hayo. Hakuna anayekimbia mbele, maana atafukuza ndege wa wote. Mwenye kuona hafichi, anaonyesha mwenzake. Darubini ikiwa moja, inapita mkono kwa mkono. Na mmoja akisema, "Ni huyu," mwingine akikataa, hawagombani: wanangoja ndege ageuke, wanaangalia tena pamoja.

Na kweli shomoro hao wanachanganya macho. Wengine wana milia myeupe kichwani, wengine milia ya rangi ya udongo. Mgeni atasema ni makabila mawili. Hapana, ni ndege wamoja. Tena, karibu siku zote, wa milia myeupe anaoana na wa milia ya udongo. Dume wa milia myeupe ni mkali zaidi. Wa milia ya udongo anasaidia zaidi kulisha watoto. Katika kiota kimoja mnapata mlinzi na mlezi.

Wandugu, mtu si ndege. Lakini ile desturi ya kuangalia tena pamoja inatufaa sana. Mara ngapi kwetu tumesikia, "Wale wamesogeza mpaka wa shamba," na mbele ya jua kuzama panga zimetoka? Nani alikwenda kuona? Uvumi hauna macho, lakini unaua.

Basi tunawaomba jambo moja. Neno likisikika juu ya shamba, kisima au ng'ombe, msilipeleke sokoni. Chagueni watu wanne, wawili wa upande huu na wawili wa upande ule, wazee na mama wasikosekane. Waende asubuhi, bila fimbo, watembee polepole, waone kitu kimoja kwa macho manane. Wakirudi, waseme mbele ya wote yale waliyoyaona.

Amani ikae kwenu.